Namna ya kutengeneza kiambaza cha tundu la paka

Ukileta paka mgeni kwenye nyumba yenye paka mwenyeji, usiwakutanishe siku ya kwanza. Mwenyeji huiona nyumba kuwa milki yake. Mgeni naye, kwa hofu, hupigana au hukimbilia barabarani asirudi tena. Si kila mtu ana chumba cha ziada cha kumtenga. Tundu moja kubwa lililogawanywa kwa kiambaza cha wavu huwasaidia kuzoeana, na kazi yake ni ya asubuhi moja.

Angalia tundu kwanza

Kila nusu iwe na nafasi ya paka kusimama, kugeuka na kujinyoosha, pamoja na bakuli la maji na trei ya mchanga. Tundu la urefu wa futi 4, upana futi 2 na kimo futi 2 litakupa nusu mbili za futi 2 kwa 2. Dogo kuliko hilo usiligawanye.

Pili, angalia mlango. Matundu mengi yana mlango mmoja tu. Ukishaweka kiambaza, paka wa upande wa pili hutamfikia. Mwambie fundi atoboe mlango wa pili, au afanye paa lifunguke pande zote mbili, kabla hujaanza kazi.

Vifaa

– Mbao za inchi 1 kwa 1
– Wavu wa chuma wenye macho ya nusu inchi
– Misumari midogo, na misumari ya U ya kushikia wavu
– Waya laini wa kufungia
– Msumeno, nyundo, koleo, msasa na futi ya kupimia

Wavu wa kawaida wa kuku haufai, kwa kuwa macho yake ni makubwa: paka hupitisha mkono akamparua mwenziwe, na mtoto wa paka huweza kukwama. Ubao mzima nao huzuia upepo, na joto letu la kaskazi si la kufungia mnyama bila hewa. Usitumie mbao zilizopakwa mafuta machafu ya gari au dawa ya mchwa. Paka hujilamba, na kila kinachomgusa hukimeza.

Hatua

1. Pima upana na kimo kwa ndani, kisha punguza robo inchi kila upande. Kwa tundu letu, fremu itakuwa inchi 23½ kwa 23½.

2. Kata mbao mbili za inchi 23½ na mbili za inchi 21½, hizi fupi zikae katikati ya zile ndefu. Mbao iliyopigwa randa hupungua unene, kwa hiyo pima tena kabla ya kukata. Piga msasa, kisha gonga misumari.

3. Kata wavu wa inchi 23 kwa 23 na uushike kwenye fremu kwa misumari ya U. Ncha zote kali zilalie juu ya mbao, zisichomoze.

4. Simamisha kiambaza katikati na ukifunge kwa waya sehemu tatu kila ubavu na mbili juu. Ncha za waya zikunje nje ya tundu.

5. Sukuma kwa kiganja kwa nguvu. Kikiyumba, ongeza waya.

Kukitumia

Weka tundu kivulini penye upepo, mbali na bati la jua la mchana. Siku za mwanzo funika wavu kwa leso kuukuu, ili wapate harufu kabla ya kuonana. Kisha ipandishe kidogo kidogo, na bakuli za chakula zisogezwe karibu na wavu. Wakifoka au wakilaza masikio, rudi nyuma hatua moja. Wakila kwa utulivu siku kadhaa mfululizo, wakutanishe nje kwa muda mfupi ukiwa hapo hapo.

Wavu hauzuii maradhi. Paka anayepiga chafya au mwenye macho yenye tongo atengwe kabisa, apelekwe kwa daktari wa mifugo. Ulizia pia chanjo ya kichaa cha mbwa, kwani paka nao huambukizwa. Ukiumwa au ukiparuliwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali. Tundu lioshe kwa sabuni ya kawaida, si kwa zile dawa za kuua vijidudu zinazogeuka nyeupe zikitiwa maji. Nyingi ni sumu kwa paka.

Mwisho, kiambaza ni cha muda. Mpe kila mmoja zamu ya kutoka kutwa mara kadhaa. Sote tumesikia habari aliyotupa Mtume (s.a.w.) ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie. Anayefunga mnyama amebeba dhamana ya chakula chake, maji yake na raha yake.