Pindo la Shati

Mvaa kanzu hana cha kuchomekea. Vazi lake huanza shingoni likateremka hadi kwenye vifundo vya miguu, na pindo lake ni mwisho wa vazi, halifichwi wala halitafutiwi pa kuingizwa. Lakini mtu huyohuyo akivua kanzu akavaa shati na suruali, hukabiliwa na suali ambalo wazee, walimu na mabwana wa maofisi wamekwisha kulijibu kwa niaba yake: pindo likae ndani au nje? Jawabu lao ni moja, ndani. Kijana aliyeliacha nje huambiwa mchafu, mvivu, au mhuni. Na mimi, ambaye kazi yangu ni kuyahamisha maneno kutoka lugha moja kwenda nyingine, nimejiuliza siku nyingi hukumu hii ilizaliwa wapi, maana hapa pwani haikuzaliwa.

Ilizaliwa Ulaya, na asili yake haina utukufu mkubwa. Kwa karne nyingi shati la Mzungu lilikuwa nguo ya ndani. Lilishonwa refu, likiwa na mikia miwili ya mviringo, mmoja mbele na mmoja nyuma, na wanaume wengi waliipitisha mikia hiyo baina ya mapaja ikafanya kazi ambayo leo hufanywa na chupi. Juu yake alivaa kizibao, na juu ya kizibao koti. Kilichoruhusiwa kuonekana ni ukosi na ncha za mikono tu. Muungwana aliyekutwa na wageni akiwa na shati tupu alijiona kama aliyetoka chumbani kabla ya kumaliza kuvaa. Kuchomekea, basi, kulikuwa ni sitara. Baadaye koti likavuliwa, kizibao kikasahauliwa, shati likatoka juani peke yake. Lakini sharti la kulificha pindo lake likabaki. Msomaji anaweza kulithibitisha hili kabatini mwake leo: shati la ofisini bado limekatwa mviringo chini, refu mbele na nyuma, fupi ubavuni. Ule ni mkia wa nguo ya ndani.

Maneno nayo yanasimulia habari zake. Warumi wa zama za mwisho walikuwa na camisia, kivazi cha kitani kilichogusa mwili, na kutokana nacho Wareno na Wahispania wakapata camisa, Wafaransa chemise. Waarabu wanasema qamis, Wahindi kamiz, na wataalamu wa lugha huyaweka maneno haya katika ukoo mmoja. Lakini ukoo mmoja haufanyi tabia moja. Qamis ni vazi la kuonekana. Katika kisa cha Nabii Yusuf linatajwa mara tatu: lililopakwa damu ya uwongo, lililochanwa kwa nyuma, na lililotupwa usoni mwa baba kipofu akaona. Wafasiri wetu wameandika kanzu, na wameandika vyema. Lau wangeandika shati, msomaji wa leo angelidhani limechomekewa, na asingeelewa vipi mtu anayekimbilia mlangoni ashikwe nguo kwa nyuma kwa urahisi namna ile. Kisa chote kinategemea kitambaa kilicholegea.

Kulegea huko kuna hikima yake. Hewa huingia kwenye pindo, hupata moto mwilini, hupanda, hutokea shingoni na mikononi. Nguo inafanya kazi ya bomba la moshi. Mwaka 1980 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa wanasayansi waliotaka kujua kwa nini Mabedui huvaa majoho meusi katika jangwa lenye jua kali. Wakaona kwamba joho jeusi hunyonya joto zaidi kuliko jeupe, hilo halina ubishi, ila kwa kuwa joho limelegea joto hilo la ziada halimfikii mtu ngozini. Linachukuliwa na upepo unaopita katikati. Ukiufunga mshipi, upepo huo umeuzibia njia. Kila anayevuja jasho kiunoni akisubiri daladala adhuhuri ameufanya utafiti huo bila ya kulipwa.

Kwa hiyo si ajabu kwamba waliotengua hukumu ya kuchomekea ni watu wa visiwani, katika bahari za joto.

Ufilipino wana barong Tagalog, vazi jepesi hata mwanga hupenya, ambalo lililo bora hufumwa kwa nyuzi za majani ya nanasi. Lina mikono mirefu, limetariziwa kifuani, lina mipasuo ubavuni, na huvaliwa nje ya suruali, fulana ikiwa chini yake. Kuna hadithi mashuhuri kule kwamba Wahispania waliwalazimisha wenyeji kuacha pindo nje ili wasifiche silaha, na ili wajulikane kuwa ni watu wa chini. Wanahistoria wameitafuta sheria hiyo wasiione. Lakini hadithi haisambai bure. Waliotawaliwa walijua kwamba pindo lilikuwa mpaka baina ya bwana na mtumishi, wakatunga kisa cha kuueleza mpaka huo. Mwaka 1953 Ramon Magsaysay alikula kiapo cha urais akiwa amevaa barong, rais wa kwanza wa nchi ile kufanya hivyo. Tangu hapo hakuna sherehe ya Serikali inayolionea haya.

Hawaii habari ilikwenda kwa njia ya soko. Katika mashamba ya miwa walikutana vibarua Wajapani, Wachina, Wareno na Wafilipino, kila mmoja na nguo yake. Wafilipino walikuwa na mashati ya kuachia nje; wanawake wa Kijapani walikuwa na vitambaa vya maua na korongo vya kushonea kimono. Katika miaka ya 1930 washoni wa mjini Honolulu wakavichukua vitambaa hivyo wakavikata mashati ya mikono mifupi, yenye pindo lililonyooka. Mwaka 1935 duka la mshoni mmoja mwenye asili ya Japani likayatangaza gazetini kwa jina la mashati ya aloha. Mwaka uliofuata Ellery Chun, kijana aliyesoma Chuo Kikuu cha Yale akarudi kusimamia duka la familia yake ya Kichina, akaanza kulisajili jina hilo liwe alama yake ya biashara. Watalii na mabaharia wakayanunua. Mwenyeji mwenye kazi ya heshima hakuthubutu kwenda nalo kazini.

Hapo ndipo ninapopenda kutua, kwa sababu yaliyofuata yanaonesha jinsi adabu inavyojadiliwa bei. Mwaka 1946 Chemba ya Biashara ya Honolulu iligharamia uchunguzi wa nguo zifaazo kazini wakati wa joto. Baraza la mji likaruhusu watumishi wake kuvaa mashati ya wazi kuanzia Juni hadi Oktoba, lakini yenye maua hapana! Maua yakapata idhini mwaka 1947, kwa wiki ya sherehe iliyoanzishwa mwaka huo. Mwaka 1962 chama cha watengeneza nguo kikamgawia kila mwanamume katika mabaraza mawili ya kutunga sheria mashati mawili ya aloha, na kampeni hiyo ikaitwa Operesheni Ukombozi. Tanganyika ilikuwa imepata uhuru mwezi Disemba uliotangulia, na Zanzibar ilikuwa bado inausubiri, na neno ukombozi kwetu lilikuwa na uzito mwengine. Lakini sioni sababu ya kuwacheka. Shingo iliyofungwa tai katika nyuzi joto 30 nayo ina haki ya kukombolewa. Baraza la Seneti likapitisha azimio la kuyahimiza mashati hayo majira ya joto, na mwaka 1966 ikaja Ijumaa ya Aloha, siku ambayo karani wa benki aliweza kukaa kaunta bila ya koti. Miaka michache baadaye siku zote zikawa Ijumaa.

Kuna jambo dogo ndani ya habari hii ambalo mtunga mashairi hawezi kulipita. Rangi za aloha zilikuwa kali mno kwa macho ya wenye maofisi. Katika miaka ya 1960 ikaanza mtindo wa kukishona kitambaa kichwangomba, ule upande wa chapa ukawa ndani na upande wa nyuma, uliofifia, ukawa nje. Maua yakabaki, ila kama yanayoonekana nyuma ya pazia. Hivyo ndivyo yalivyoruhusiwa kupita mlango wa benki, na mpaka leo wafanyabiashara wengi wa Honolulu huvaa shati la namna hiyo. Wengine wataona ni ushindi, wengine watasema ni kunyenyekea. Mimi naona ni kama mshairi aliyelifumba neno lake apate kulisema barazani.

Java ndiyo inayotuhusu zaidi, ingawa wengi hatujui. Batiki ya Java huandikwa kwa nta: mchoraji huchukua kikalamu cha shaba chenye mdomo mwembamba, canting, akachora kwa nta ya moto, kitambaa kikatiwa rangi, nta ikayeyushwa, na kila rangi mpya hudai mzunguko mpya. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Gavana wa Jakarta, Ali Sadikin, alilipa shati la batiki la mikono mirefu cheo cha vazi rasmi, sawa na suti. Pindo nje, shingo bila ya tai. Mwaka 1994 wakuu wa nchi za Asia na Pasifiki walipokutana Bogor walivishwa mashati hayo wote, Rais Bill Clinton wa Marekani akiwemo.

Mkondo wa pili wa batiki hiyo ulitufikia kwa mlango wa nyuma. Katika karne ya 19 Waholanzi waliiga batiki kwa mashine ili wawauzie Wajava wenyewe. Kampuni ya Vlisco ya mji wa Helmond ilianzishwa mwaka 1846. Soko kubwa la vitambaa hivyo likaja kuwa Afrika Magharibi, na kutokana navyo kikaja hiki tunachokiita kitenge. Kiwanda cha Urafiki, Dar es Salaam, kilichojengwa kwa msaada wa China mwaka 1968, kilichapa khanga na vitenge vya kwetu. Mwanamume anayevaa shati la kitenge leo amevaa mjukuu wa Java aliyelelewa Uholanzi. Mkondo wa tatu ni wa Nelson Mandela. Alizuru Indonesia mwaka 1990, miezi michache baada ya kutoka gerezani, akatunukiwa batiki, na alipokuwa Rais kuanzia 1994 shati la hariri lililolegea, lenye vifungo hadi shingoni na pindo nje, likawa nembo yake. Washoni zaidi ya mmoja wamedai kulibuni, na ugomvi wao nawaachia wenyewe. Ninachokiona mimi ni kuwa mtu aliyevishwa sare ya mfungwa kwa miaka mingi, mwanzoni kaptura ya kumdhalilisha, alipopata madaraka ya kuchagua alichagua nguo isiyombana popote.

Hata hivyo hukumu ya zamani haijafa. Mwezi Novemba 2023 Spika wa Bunge la Taifa la Kenya, Moses Wetang'ula, aliipiga marufuku suti ya Kaunda bungeni, vazi la kuachia nje lililopewa jina la Rais wa kwanza wa Zambia, akataja koti, ukosi na tai kuwa ndiyo mavazi yafaayo. Rais wa nchi hiyohiyo alikuwa akilivaa karibu kila siku. Wajapani, ambao si watu wa kuchezea heshima, walikwenda kinyume: mwaka 2005 Serikali yao iliagiza viyoyozi vya maofisi visishushwe chini ya nyuzi 28 wakati wa joto ili kupunguza matumizi ya umeme, na Waziri Mkuu Junichiro Koizumi akatokea mbele ya watu na shati la kariyushi la Okinawa, nje ya suruali. Okinawa nao walikuwa wamelijenga kwa mfano wa lile la Hawaii.

Waama, si kila shati lifaalo kuachwa nje. Wanaolaumu mapindo yanayoning'inia mara nyingi wana haki, kwa kuwa wanaliona shati la mikia lililotolewa nje kwa uvivu, mbele linafunika mapaja na ubavuni linaonesha mshipi. Shati la nje hushonwa kwa nia hiyo. Pindo lake linyooke, liishie katikati ya nyonga, lisifike mapajani. Mipasuo miwili ubavuni, kiasi cha vidole vitatu, mtu akikaa lisikunjamane. Ulegevu uwe kifuani na tumboni. Mabegani mshono ukae palepale bega linapoishia, kwani bega likiporomoka hata hariri huonekana ya kuazima. Chini yake suruali iliyonyooka, isiyo pana. Kama kitambaa kina maua, fundi alinganishe ua la mfukoni na ua la kifuani, mfuko upotee usionekane. Kwa hilo ndilo mshoni wa Honolulu anapimwa, na wetu wanaliweza wakiombwa. Na akiuliza chini akate vipi, aambiwe anyooshe, kama anavyokata kanzu.