Wiski ya Uskoti: Ugomvi juu ya Jina Moja

Mtu akiwekewa bilauri mbili za wiski ya kimea, moja ya Glenlivet na moja ya Laphroaig kutoka kisiwa cha Islay, atashangaa. Zote mbili zimefanywa kwa kimea cha shayiri, maji na hamira tu. Lakini ya kwanza yanukia matunda, na ya pili yanukia moshi na dawa ya hospitali. Sababu mojawapo ni kwamba huko Islay hukausha kimea kwa moshi wa mboji, yaani udongo wa majani ya kale uwakao kama kuni. Basi, tofauti hiyo ilikuwa karibu kusahauliwa. Sikilizeni ilivyokuwa.

Katika hesabu za mfalme wa Uskoti za mwaka 1494-1495 imeandikwa kwa Kilatini kwamba mtawa John Cor alipewa boli 8 za kimea afanye «aqua vitae», maana yake maji ya uzima. Waskoti waliyaita hivyo hivyo kwa lugha yao, uisge beatha, na humo likatoka neno wiski.

Baadaye kodi ilikuwa kubwa, watu wakapika kwa siri milimani. Mwaka 1823 serikali iliipunguza. Mwaka 1824 George Smith wa Glenlivet alichukua ruhusa, na wapikaji wa siri wakamchukia, hata akatembea na bastola mbili.

Mwaka 1830 Aeneas Coffey alipata hati ya mtambo mpya. Vyungu vya shaba hupika mara moja, kisha huoshwa. Mtambo huu haukupumzika, tena ulikubali nafaka nyingine kama mahindi. Kileo chake kilikuwa rahisi, ila ladha yake hafifu. Wafanya biashara wakakichanganya na kimea, wakauza mchanganyiko dunia nzima.

Wenye vyungu wakauliza: Je, hicho nacho ni wiski? Mwaka 1905 wauzaji walishtakiwa huko Islington, London, na mwaka 1906 hakimu aliwahukumu. Lakini Tume ya Mfalme ilisema mwaka 1909 kwamba vyote viwili ni wiski. Wenye vyungu walishindwa, na kimea chao kikazidi kufichwa ndani ya mchanganyiko. Mwaka 1963 tu wenye Glenfiddich walianza kukitangaza peke yake katika nchi za nje.

Leo sheria ya mwaka 2009 yataka kimea cha kiwanda kimoja, vyungu, na miaka 3 au zaidi katika pipa la mwaloni. Anayelinganisha asidanganywe na rangi, kwani sheria yaruhusu kutia rangi ya sukari iliyounguzwa. Anuse kwanza, aonje kidogo, atie matone ya maji, anuse tena.

Tume iliweza kuamua jina. Ladha haikuweza kuiamua. Hiyo huamuliwa na pua na ulimi, tena kwa kiasi, maana aliyelewa hatofautishi kitu.