Sekondari za Katikati ya Jiji: Namna Masomo Yanavyopangwa na Wakati Mzazi Anapohitajika

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

Kila mwezi Januari maduka ya Kariakoo hujaa wazazi wanaonunua sare, madaftari na mabegi ya watoto wanaoanza kidato cha kwanza. Ununuzi huo humalizika kwa siku chache. Kinachofuata ni miaka minne ambayo ndani yake mtoto hubadili lugha ya kujifunzia, hupimwa kitaifa mara mbili na huchagua masomo yatakayoamua fani anazoweza kuzisomea baadaye. Wazazi wengi wa eneo hili hufungua biashara alfajiri na kufunga usiku, na hufika shuleni pale tu wanapoitwa. Makala haya yanaeleza mpangilio wa masomo ya sekondari ili mzazi ajue ni wakati gani anapaswa kwenda kabla ya kuitwa.

Mtaala huandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania (TET), iliyo chini ya Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia, na mitihani husimamiwa na Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA). Uendeshaji wa shule za Serikali upo chini ya TAMISEMI kupitia halmashauri, na kwa Kariakoo, Gerezani na Upanga hiyo ni Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, ambayo tangu Februari 2021 inasimamia eneo lililokuwa Manispaa ya Ilala. Kwa sababu hiyo mwanafunzi wa Azania, Jangwani au Benjamin William Mkapa hufuata muhtasari uleule anaofuata mwenzake wa Kigoma au Mtwara.

Ndani ya shule, ratiba hupangwa na Mwalimu wa Taaluma. Kila mwalimu wa somo huandaa azimio la kazi linaloonesha mada zitakazofundishwa kila wiki, na kutokana na azimio hilo huandaa andalio la kila somo. Mwaka wa masomo una siku 194 na kipindi kimoja ni dakika 40. Mzazi ana haki ya kuuliza darasa la mtoto wake limefika mada ipi, na swali hilo humsaidia zaidi kuliko kuuliza tu iwapo mtoto ana bidii.

Ugumu wa kwanza ni lugha. Mtoto aliyesoma shule ya msingi ya Serikali amefundishwa kwa Kiswahili kwa miaka saba, na Kiingereza kilikuwa somo mojawapo tu. Anapoingia kidato cha kwanza, masomo karibu yote hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Shule hutumia wiki za mwanzo kwa mafunzo ya kumwezesha mwanafunzi kumudu lugha hiyo kabla ya kuanza mada za muhtasari. Wiki hizo ndizo ambazo baadhi ya wazazi huziona kuwa za mzaha, na mtoto huripoti Februari kwa sababu sare haijakamilika au alikuwa akisaidia dukani. Hasara yake haionekani mara moja. Mtoto huyo huanza Biolojia na Jiografia bila maneno ya kuzielewa, hunyamaza darasani, na unyamavu huo huweza kudhaniwa kuwa ni uzito wa akili. Ni vyema ieleweke kwamba mtoto anayekosa neno la Kiingereza hakosi lazima maarifa yenyewe, na mwalimu hawezi kulitambua hilo iwapo mtoto hayupo.

Hatua ya pili ni Upimaji wa Kitaifa wa Kidato cha Pili. Mwanafunzi asiyefikia kiwango cha ufaulu hukariri darasa. Baada ya upimaji huo huja uchaguzi wa masomo ya kidato cha tatu. Chini ya mtaala uliotangulia maboresho ya sasa, masomo saba yalikuwa ya lazima hadi kidato cha nne: Uraia, Historia, Jiografia, Kiswahili, Kiingereza, Biolojia na Hisabati. Fizikia na Kemia zilikuwa za hiari kuanzia kidato cha tatu. Anayeziacha hapo amejifungia njia ya uhandisi na udaktari akiwa bado kijana mdogo, mara nyingi kwa kufuata rafiki au kwa kumkimbia mwalimu mkali. Kati ya mambo yote yanayomtaka mzazi afunge duka kwa nusu siku, uamuzi huu ndio wa kwanza.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, imeanza kubadili mpangilio huo. Mitaala iliyoboreshwa ilianza kutumika kwa awamu Januari 2024, na sera yenyewe ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan jijini Dodoma tarehe 1 Februari 2025. Sekondari ya chini sasa ina mkondo wa elimu ya jumla na mkondo wa amali, ambao humfundisha mwanafunzi stadi za kazi pamoja na masomo ya kawaida. Somo la Historia ya Tanzania na Maadili limeingizwa na hufundishwa kwa Kiswahili. Elimu ya Biashara nayo imepewa nafasi pana zaidi, na kwa mtoto wa Kariakoo ambaye amezoea kuona mzigo ukishushwa, ukihesabiwa na kuuzwa kwa jumla, mifano ya somo hilo ipo mlangoni kwao.

Mtihani wa kidato cha nne hupangiwa madaraja kwa kuzingatia masomo saba ambayo mtahiniwa amefanya vizuri zaidi. Alama A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4 na F ni 5. Daraja la kwanza ni pointi 7 hadi 17, la pili 18 hadi 21, la tatu 22 hadi 25 na la nne 26 hadi 33. Matokeo hayo hayatokani na karatasi za Novemba pekee, kwa kuwa tathmini endelevu ya shule huchangia pia. Utoro wa kidato cha tatu, kwa hiyo, unaweza kuonekana katika cheti. Anayetarajia kidato cha tano hujaza machaguo ya tahasusi akiwa bado shuleni, na huruhusiwa kuyabadili kwa njia ya mtandao baada ya matokeo, katika muda unaotangazwa na TAMISEMI. Tangu mwaka 2024 tahasusi zimeongezeka hadi 65.

Kuhusu msaada wa kujifunza, kila shule hutakiwa kuwa na mwalimu wa ushauri na unasihi. Kwa mtoto anayeishi chumba kimoja na familia nzima, pa kusomea ni tatizo kubwa kuliko vitabu, na Maktaba Kuu ya Taifa katika Barabara ya Bibi Titi Mohamed, iliyofunguliwa mwaka 1967, ipo umbali wa kutembea kutoka sokoni. Vitabu vya kiada hupatikana pia katika maktaba mtandao ya TET. Kwa mwanafunzi asiyeona au mwenye uoni hafifu, NECTA huandaa mitihani ya nukta nundu au maandishi makubwa na huongeza muda, lakini shule lazima iwe imeitoa taarifa yake wakati wa usajili. Mzazi asisubiri mwezi wa mtihani.

Ada ya shilingi 20,000 kwa mwanafunzi wa kutwa iliondolewa kuanzia Januari 2016 kwa kidato cha kwanza hadi cha nne, na ada ya kidato cha tano na cha sita ikafutwa mwaka 2022. Sare, madaftari na nauli hubaki kwa mzazi. Nauli si jambo dogo, kwani wanafunzi wengi wa shule hizi hutoka Mbagala, Gongo la Mboto na Kimara, na mvua kubwa za masika zinapofunga Barabara ya Morogoro pale Jangwani, kipindi cha kwanza huwapita wengi.

Wapo wanaoacha kabisa. Soko lina kazi za kutosha kwa kijana wa miaka 16, na fedha ya jioni hushawishi kuliko cheti cha miaka miwili ijayo. Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021 unaruhusu waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali, wakiwemo wasichana waliopata ujauzito, kurejea katika shule za Serikali. Anayeona ugumu kurudi darasani na wadogo zake anaweza kusoma sekondari kwa njia mbadala kupitia Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, ambayo makao makuu yake yapo pia Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Mzazi huanzia kwa Mkuu wa Shule aliyoiacha mtoto, au kwa Afisa Elimu Kata.

Suala linalokuja ni nafasi. Sera mpya inafanya elimu ya lazima kuwa ya miaka 10, na elimu ya msingi kuwa ya miaka sita. Wanafunzi walioanza mtaala mpya darasa la tatu mwaka 2024 watamaliza darasa la sita mwaka 2027, pamoja na kundi la mwisho la darasa la saba, na makundi yote mawili yatahitaji kidato cha kwanza Januari 2028. Katika kata ambazo kila kiwanja kina ghorofa, madarasa ya ziada hayajengwi kwa urahisi. Mzazi ambaye mtoto wake yumo katika mojawapo ya makundi hayo anashauriwa kuhudhuria vikao vya wazazi na vya Serikali ya Mtaa, ambako taarifa za upangaji wa shule hutolewa.