Nyumba Baada ya Uvamizi: Mke na Mume katika Historia ya Uasin Gishu na katika Riwaya

Mwaka 1897 jarida la Kiingereza liitwalo Pearson's Magazine lilikuwa likichapisha kwa mfululizo riwaya ya H. G. Wells, The War of the Worlds, iliyotoka ikiwa kitabu mwaka 1898. Riwaya hiyo inasimulia jinsi viumbe wa sayari ya Mirihi wanavyoishukia Uingereza wakiwa na silaha ambazo hakuna jeshi linaloweza kuzikabili. Mwaka huo huo wa 1897, Uingereza ilipeleka kikosi cha kuwaadhibu Wanandi, ambao nchi yao inapakana na uwanda wa Uasin Gishu. Kikosi hicho kilitanguliwa na kingine cha mwaka 1895, kikafuatwa na vya 1900, 1903 na 1905-06. Yaani, wakati msomaji wa London alipokuwa akistarehe na hadithi ya kuvamiwa kwake, uvamizi wenyewe ulikuwa ukitendeka, kwa jina la serikali yake, katika nyanda za juu za Afrika Mashariki.

Wells mwenyewe hakuwa kipofu wa uhusiano huo. Katika sura ya kwanza anamkumbusha msomaji maangamizi waliyofanyiwa wenyeji wa Tasmania, na kumwuliza kama ana haki ya kulalamika akitendewa vivyo hivyo. Wahakiki wengi wameitaja sehemu hiyo. Jambo ambalo halijatazamwa sana ni kwamba riwaya hiyo ina mke na mume ndani yake, na kwamba hadithi yao inakatika pale inapostahili kuanza. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba mvutano wa mke na mume baada ya uvamizi ni sehemu ya uvamizi wenyewe, na kwamba kiini cha mvutano huo ni kuwa kila mmoja amepigana vita vyake peke yake, kisha akakosa wa kumsimulia.

Ukimya wa msimulizi wa Wells

Msimulizi wa Wells anampeleka mkewe Leatherhead kwa jamaa zake, kisha anarudi peke yake na kunaswa vitani. Anafichama katika magofu ya nyumba pamoja na kasisi mmoja. Kasisi anapoelekea kurukwa na akili na kupiga kelele, msimulizi anampiga na kumwangusha, na viumbe wa Mirihi wanamburura wakaenda naye. Hatimaye wavamizi wanakufa kwa vijidudu vya maradhi ambavyo miili yao haikuvizoea. Msimulizi anarudi nyumbani akiamini kwamba mkewe amekufa, naye mke anafika akiamini kwamba mumewe amekufa. Wanaonana, mke anapepesuka, mume anamdaka. Na hapo ndipo sura inapokoma.

Mke huyo hana jina. Aliyoyapitia hayasimuliwi. Mume anamkiri msomaji habari za yule kasisi, lakini hatuambiwi kama alimweleza mkewe. Katika maneno ya mwisho ya kitabu msimulizi anastaajabu kwamba anaushika tena mkono wa mtu ambaye kila mmoja wao alikwisha kumhesabu mwenzake miongoni mwa wafu. Mtunzi alilifikia swali zito kuliko yote, yaani namna wanavyoishi pamoja watu wawili waliokwisha kuombolezana, kisha akaifunga kalamu yake.

Ng'ombe, kibanda na kipande

Historia ya Uasin Gishu inalipa swali hilo umbo jingine, maana hapa nyumba iliguswa kabla ya vita, wakati wa vita, na hasa baada ya vita. Vijidudu vya Wells vilimwokoa mwenyeji. Katika Afrika Mashariki vilimtangulia mvamizi. Sotoka ya miaka ya mwanzo ya 1890 iliteketeza mifugo katika sehemu kubwa ya eneo hili. Kwa wafugaji, ng'ombe hakuwa maziwa na nyama tu. Alikuwa mahari, na kwa hiyo alikuwa shahidi wa ndoa. Mnamo tarehe 19 Oktoba 1905 Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, aliuawa na Richard Meinertzhagen katika mkutano ulioitwa wa amani. Kikosi kilichofuata kiliteka maelfu ya ng'ombe. Taarifa za kijeshi ziliwahesabu ng'ombe hao kama ngawira. Hazikuhesabu ndoa ngapi zilikuwa zimefungwa kwa ng'ombe hao, wala ngapi zilishindwa kufungwa kwa kuwakosa.

Baada ya vita, Wanandi walisukumwa katika eneo la hifadhi, na uwanda ukagawiwa wageni. Kwa muda mfupi, tangu mwaka 1903 hadi 1905, ulifikiriwa kuwa makao ya Wayahudi wa Ulaya. Mpango huo ulipokataliwa, uwanda ukawa wa walowezi, wakiwamo Makaburu walioingia kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe mwaka 1908. Mji wa Eldoret uliota juu ya shamba lililojulikana kwa nambari 64, na wenyeji wakauita Sisibo. Kesses, ilipo kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Moi kilichoanzishwa mwaka 1984, imo katika uwanda huo huo. Hivyo mwanafunzi anayesoma hapo riwaya za ukoloni anazisoma juu ya ardhi yenyewe inayohusika.

Utawala ulioketi baada ya risasi kunyamaza uliingia nyumbani kwa njia ya hesabu. Kodi ilitozwa kwa kibanda. Mume wa wake wawili, kila mke akiwa na kibanda chake, alilipia vibanda viwili. Hivyo mke aliyekuwa heshima ya nyumba akageuzwa pia kuwa deni lake. Sheria ya mwaka 1918 kuhusu wakazi wa mashamba ya walowezi ilimdai mwanamume siku zisizopungua 180 za kazi kwa mwaka, na tangu miaka ya 1920 alifungwa kipande shingoni. Wakati wa vita vya 1914-18 wanaume walichukuliwa kwa wingi kuwa wapagazi wa jeshi, na wengi hawakurudi. Kiswahili kimehifadhi kumbukumbu hiyo katika jina Kariakoo, lililotoholewa kutoka jina la Kiingereza la kikosi hicho cha wapagazi. Mtu hununua nyanya na vitenge katika soko hilo bila ya kuwaza kwamba anataja wanaume waliotoweka na wanawake waliongoja.

Utanzu mkongwe wa kurekodi uvamizi katika Kiswahili ni utenzi. Hemedi bin Abdallah al-Buhriy alitunga juu ya Wadachi kuitamalaki Mrima, na Abdul Karim bin Jamaliddini juu ya vita vya Majimaji. Hizo ni hazina za historia, lakini kwa kawaida ya utanzu wao zinawatazama wakuu, majeshi na mapigano. Ebrahim Hussein alipoirudia Majimaji katika tamthilia ya Kinjeketile (1969), aliwapa wanawake nafasi ya kuzungumza juu ya uhaba wa chakula nyumbani. Mabadiliko hayo si madogo, kwani ni kukiri kwamba vita vina jiko pia.

Gikonyo na Mumbi

Riwaya ya Ngugi wa Thiong'o, A Grain of Wheat (1967), inaanzia hasa pale Wells alipoishia. Gikonyo, seremala wa kijiji cha Thabai, anarudi kutoka kizuizini baada ya miaka sita. Huko alikokuwa, sura ya mkewe Mumbi ndiyo iliyomshikilia uhai; kwa ajili yake hata aliungama kiapo alichokula, na sauti ya hatua za miguu ikawa haimwachi tena. Anafika na kumkuta Mumbi na mtoto wa Karanja, mwanamume aliyekuwa rafiki na mshindani, kisha akawa askari wa ulinzi na chifu wa serikali ya kikoloni.

Msomaji mwepesi wa kuhukumu ataona hapa hadithi ya mke asiye mwaminifu. Lakini Ngugi amempa Mumbi vita vyake kamili. Nyumba ilibomolewa, kijiji kikahamishwa, wanawake wakalazimishwa kuchimba handaki huku njaa ikiwaua. Mumbi alimkataa Karanja miaka yote hiyo. Alishindwa siku alipoambiwa kwamba mumewe anarudi. Furaha ndiyo iliyomlegeza. Kila mmoja, kwa hiyo, alivunjika kwa sababu ya mwenzake: mume aliungama ili amrudie mke, na mke alianguka kwa habari ya kurudi kwa mume. Makosa hayo mawili yanafanana kama kiganja na kiganja, ila hakuna anayelijua la mwenziwe.

Aidha, usukaji wa riwaya unaonyesha ugonjwa wenyewe ulipo. Gikonyo anamsimulia Mugo siri yake. Mumbi naye anamsimulia Mugo yake. Mke na mume wanalala nyumba moja, na kila mmoja anakwenda kuutua mzigo wake kwa mtu wa tatu, ambaye ndiye aliyemsaliti Kihika, kaka yake Mumbi. Jamii iliyozoea kupeleka ugomvi wa ndoa kwa wazee na washenga inakuta kwamba sikio la hadhara limeoza. Ni baada ya Mugo kukiri mbele ya umma, katika sherehe za uhuru za Desemba 1963, ndipo njia ya mazungumzo inapofunguka. Gikonyo, akiwa kitandani hospitalini, anamwuliza Mumbi habari za mtoto. Mumbi hakubali suluhu ya haraka. Anataka jambo lizungumzwe kwa kina kwanza. Katika jibu hilo ndipo uhuru wa nyumba unapopambanuka na uhuru wa bendera: wa pili ulipatikana kwa tarehe, wa kwanza hauna tarehe.

Hamza na Afiya

Katika Afterlives (2020) ya Abdulrazak Gurnah, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2021, mvamizi ni Mjerumani na pwani ni ya Tanganyika. Hamza alijitolea kuwa askari wa Schutztruppe na kurudi akichechemea. Afiya alivunjwa mkono na mlezi wake kwa kosa la kujua kuandika. Hapa pia pana vita viwili, kimoja cha mstari wa mbele na kingine cha uani. Lakini Hamza anatafsiri kwa Kiswahili beti za Schiller, kutoka kitabu alichopewa na afisa wa Kijerumani, na kumpelekea Afiya. Maneno ya mvamizi yanageuzwa kuwa barua ya mapenzi, na barua hiyo inapokewa na mkono uliovunjwa kwa ajili ya maandishi.

Ndoa yao haivunjiki. Hata hivyo jeraha linahamia kwa mtoto wao, Ilyas, anayesumbuliwa na sauti ya mjomba aliyepotea vitani. Mjomba huyo alikufa mwaka 1942 katika kambi ya Sachsenhausen, na habari hiyo inapatikana tu baada ya kijana kufika Ujerumani na kufuatilia nyaraka. Ambacho wazazi hawakuweza kukijua, mwana alikisikia kama ugonjwa.

Nani mgeni?

Swali hili haliwezi kuachwa katika karne iliyopita, hasa linapoulizwa Uasin Gishu. Katika machafuko ya 1992, na tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, neno "mgeni" liliondolewa kwa mlowezi na kuelekezwa kwa jirani. Kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa na watu waliokimbilia humo tarehe 1 Januari 2008. Tume ya Jaji Waki ilihesabu nchini kote vifo 1,133. Wakati huo mke na mume wa makabila tofauti walijikuta wameorodheshwa pande mbili. Waliobaki pamoja walikuwa na jambo lile lile la Gikonyo na Mumbi mbele yao: mmoja alikuwa amejificha, mwingine alikuwa miongoni mwa jamaa waliokuwa wakitafuta, na kila mmoja alikuwa na usiku ambao mwenzake hakuuona.

Riwaya ya Kiswahili imekwisha kutoa neno la kulitazama jambo hili. Katika Walenisi (1995) ya Katama Mkangi, safari ya anga inakwenda kinyume na ile ya Wells: binadamu Dzombo ndiye anayefika kwa wengine, na jina la nchi hiyo, likifumbuliwa, ni "wale ni sisi". Katika Kufa Kuzikana (2003), Ken Walibora aliupima urafiki unaovuka mpaka wa kabila. Ndoa inayovuka mpaka huo, na iliyolazimika kuendelea baada ya moshi kutulia, bado inastahili riwaya yake ya Kiswahili.

Historia rasmi ya uvamizi inajua ng'ombe wangapi walitekwa na vibanda vingapi vilitozwa kodi. Kwa hesabu hizo nyumba ni kitu cha kulipiwa tu. Kazi ya mhakiki na ya mwanahistoria, wakishirikiana, ni kuviweka vita viwili vya nyumba moja katika ukurasa mmoja, bila ya kumfanya mmoja shahidi na mwingine mshtakiwa. Mumbi alikwisha kuonyesha sharti la kazi hiyo alipokataa kulimaliza jambo kwa sentensi moja.