Kuficha damu ni rahisi, je, watu?

Msomaji, swali la kama gemu za watu wazima ziwekewe sehemu ya watoto si geni. Hebu turudi nyuma kidogo.

Mwaka wa 1993 Mortal Kombat iliingia kwenye mashine za nyumbani. Nintendo waliondoa damu wakaweka jasho. Sega waliificha kwa msimbo wa vitufe, ABACABB, na siri hiyo haikukaa. Toleo la Sega ndilo lililouzwa zaidi! Desemba mwaka huohuo maseneta wa Marekani waliwahoji wakubwa wa kampuni hizo, na 1994 ikaundwa ESRB, bodi ya kupanga gemu kwa umri.

Enzi hizo uliyecheza naye aliketi kando yako. Mtandaoni humjui, na ESRB haipimi maneno yake. Fortnite si gemu ya watu wazima, lakini 2022 Epic Games walikubali kulipa dola milioni 275 katika kesi ya faragha ya watoto. Serikali ya Marekani ilidai kwamba maongezi yaliwashwa tangu mwanzo, watoto wakakutanishwa na wageni.

Mimi huandika programu. Kuzima damu ni mistari michache tu. Kazi kubwa ni kumtenga mtoto: seva yake, na sauti izimwe hadi mzazi aruhusu. Kampuni isiyotaka gharama hiyo isiweke kitufe cha "familia", maana kitakuwa mwaliko tu kwa watoto.

Nawe waonaje?