Programu za bure na mlima wa Upare

Mitihani ilinibana. Jamaa mmoja hapa hosteli ananitania eti sisi wa Same kompyuta tumeziona juzi. Sawa, ila tuanze na Tanzania nzima.

Kompyuta ya kwanza nchini, ICT 1500, ilifika Hazina mwaka 1965. Halafu 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta! Si utani. Mfumo wa mahesabu Hazina ulikuwa umewashinda, na fedha za kigeni zilikuwa za kutafuta kwa tochi.

Miaka ya 2000 mlango ulishafunguliwa, tatizo likawa leseni na lugha. Ndipo Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux na wenzao wa Sweden IT+46, kikatoa Jambo OpenOffice. Unaandika barua, unapiga mahesabu, menyu yote Kiswahili, na ruhusa ya kumgawia jirani. Kwangu mimi kazi nzito hapo ilikuwa maneno: watu wa Kiswahili na watu wa kompyuta wakubaliane kila kitufe kiitweje. Microsoft nayo ikatoa Kiswahili chake, ila kilikaa juu ya Windows ya kulipia.

Sasa ipandishe Chome au Mamba Miamba. Mpaka 2011 Canonical walikuwa wanatuma CD za Ubuntu bure kwa posta, popote duniani. Sanduku la posta Same mjini lilitosha, ila kuomba kwenyewe ni kwa intaneti (cheka tu). Na ukishaiweka, Ubuntu ya wakati ule haikupiga MP3 mpaka ushushe vikorokoro mtandaoni. Mtandao gani, mlimani? Windows ya wizi ilikuja na kila kitu kwenye CD moja, na fundi juu. Yaani bure ikashindwa na bure nyingine. Waya wa baharini wa SEACOM ulifika Dar Julai 2009, na Dar siyo Upareni.

Programu huria ilishinda pale ambapo hatuioni. DHIS2, iliyoanzia kwa Waoslo na kurekebishwa na watu wa UDSM, ilishasambaa mikoa yote kufikia 2013 kwa takwimu za afya. Nesi wa zahanati ya mlimani anajaza kitabu cha MTUHA kwa kalamu, karatasi inashuka na gari mpaka wilayani, ndipo mtu anaiingiza kwenye mfumo.