Mwezi wa pili 2021: mabomba ya maji yalipopasuka Texas

Ankoro ni pale mto Luvua unapoingia Lualaba. Huku maji hufurika, hupungua, huchafuka, lakini hayagandi. Mtu akisikia kwamba bomba la nyumba limepasuka kwa sababu ya baridi, anaweza kudhani ni hadithi. Lakini familia nyingi za Kongo leo zina watu wao mahali ambapo jambo hilo hutokea.

Vita vya 1996 na 1998 viliwatawanya watu. Wengine walivuka ziwa hadi Kigoma, Tanzania, ambako kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa 1996. Wengine kutoka Katanga waliingia Zambia, kwenye kambi za Kala na Mwange. Kutoka makambini, baadhi walipelekwa Marekani, na Texas ni moja ya majimbo yaliyopokea Wakongo wengi. Huko robine iko ndani ya nyumba, na mtoto hatembei na bidoni kichwani.

Texas ni jimbo la joto. Nyumba nyingi zilijengwa kwa kufikiria joto: mabomba hupita juu ya dari au ndani ya ukuta wa nje, bila kufunikwa vizuri. Katikati ya mwezi wa pili 2021 baridi kali ikashuka kutoka kaskazini. Tarehe 16, mji wa Dallas ulifika digrii 19 chini ya sufuri, baridi ambayo haikuonekana pale tangu 1949. Umeme ukakatika kwa nyumba na biashara zaidi ya milioni 4. Bila umeme, nyumba zikapoa, na maji ndani ya mabomba yakaganda.

Maji yakiwa barafu huongezeka ukubwa, karibu sehemu 9 kwa 100. Mwenye kusahau chupa iliyojaa maji ndani ya frigo ya kugandisha ameona ilivyopasuka. Katika bomba, barafu husukuma maji yaliyofungwa kati yake na robine, hadi bomba linaachana. Mara nyingi mwenye nyumba hajui mpaka barafu iyeyuke na dari ianze kumwaga maji.

Mitambo ya maji nayo ilikosa umeme. Kwa kawaida watu hushauriwa kuacha robine itiririke kidogo ili maji yasigande. Lakini Houston iliwaomba wakazi wasifanye hivyo, maana presha ilikuwa imeshuka mno. Kisha likaja tangazo ambalo watu wa Tanganyika wanalijua tangu siku za kolera: chemsheni maji kabla ya kunywa. Wenye robine wakapanga foleni na vyombo, na wengine wakayeyusha theluji ili kusafisha choo.

Serikali ya jimbo ilihesabu vifo 246. Zaidi ya 160 vilitokana na baridi yenyewe. Watu 19 waliuawa na hewa ya sumu, ile inayotoka kwenye moto wa makala au injini ya gari mahali palipofungwa. Haina harufu.

Jambo la kuumiza ni kwamba onyo lilikuwepo. Baridi ya 1989 ilikata umeme Texas, na ile ya 2011 pia. Kila mara wakaguzi walishauri mitambo ikingwe na baridi, lakini wenye mitambo hawakulazimishwa. Sheria ya kuwalazimisha ilipitishwa 2021, baada ya mazishi.

Kwa hiyo mwenye ndugu nchi ya baridi amwambie kwenye simu: ajue mapema ilipo valvu kubwa ya kufunga maji ya nyumba. Ajaze bidoni kabla baridi haijafika. Bomba likiganda, afungue robine na kulipasha polepole kwa hewa ya moto au kitambaa cha maji moto, si kwa miali ya moto. Likipasuka, afunge valvu kwanza. Na mbabula isiingizwe ndani ya nyumba hata usiku mmoja.

Huku kwetu pampu ya kijiji haitaganda. Lakini nayo husimama kwa sababu ya kipande ambacho watu walishaona kimechakaa, wakasubiri.